Nilipanda Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza, mwanamke mmoja Mjapani anaongea nyuma ya nyumba yetu. Dereva akizungusha ufunguo tu, sauti inatoka kwenye dashibodi, sauti ya upole ya mtu aliyelala vizuri. Watoto wa mtaa wanamwigiza. Mimi nilidhani anatusalimu. Baadaye kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta alinieleza kwamba hapana, yule mama anadai kadi: kadi ya kulipia barabara za haraka za Japani haijaingizwa. Miaka yote hii anaomba kadi kwenye barabara ya Dowa, na hakuna anayempa.

Gari ni Toyota Noah. Kule kwao lilikuwa gari la familia. Gari la mtu binafsi Japani linakaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na gharama za kulipitisha zinakua kadiri linavyozeeka, kwa hiyo wengi wanaona heri kuliuza lingali zima. Hapo linapanda meli. Letu lilishuka Dar es Salaam, likapita Mbeya, likavuka mpaka wa Kasumulu na Songwe, likateremka Karonga, Mzuzu, hadi Lilongwe. Ukisoma orodha hiyo ya miji na wewe ni mkaaji wa Dzaleka, bila shaka umetabasamu. Ni njia yetu. Wengi wetu kutoka Kongo na Burundi tulipita hapo hapo, tofauti ni kwamba gari lilipata karatasi zake mapema kuliko sisi.

Nataka kusema juu ya kosa nililofanya na gari hilo. Sijui kama “kosa” ni neno lake, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Tulilinunua kwa likelemba, familia tano. Kila mwezi mmoja anapokea, lakini safari hii tulikubaliana hakuna anayepokea, zinakaa pamoja mpaka zitoshe. Zilipotosha, swali la kwanza halikuwa injini wala rangi, lilikuwa jina. Gari litaandikwa kwa jina la nani? Malawi ilipoingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, hiyo ilikuwa 1987, ilisema haitafungwa na vifungu kadhaa, vikiwemo vya mali, vya kazi ya mshahara na vya mahali mkimbizi atakapokaa. Mimi si mwanasheria. Ninachojua ni kwamba katika sisi watano hakuna aliyekuwa na karatasi zote zilizotakiwa, na kwamba tulikuwa na rafiki Mmalawi, mtu mzuri, tuliyefanya naye biashara ya maharage. Akakubali kutuazima jina. Kwa kila wiki tungempa sehemu yake. Tukashikana mikono. Dereva naye akawa Mmalawi, kijana wa Lumbadzi mwenye leseni, na mimi nikawa kondakita wa gari ambalo ni langu na si langu.

Sasa hesabu. Noah hiyo imeundwa kwa watu 8, dereva akiwa mmoja wao. Abiria 7. Tulipiga hesabu ya safari ya kwenda Lilongwe na kurudi, kilomita kama 45 kila upande: petroli, dereva, tairi, sehemu ya mwenye jina. Abiria 7 walimaliza hayo yote, halafu sisi familia tano tukabaki tunatazamana. Ndipo tukampeleka gari kwa fundi.

Fundi wetu ni mtu wa mikono. Aling’oa viti vya nyuma vyote, akatengeneza mabenchi matatu ya bomba la mraba, akayachomelea vizuri, akaweka sponji na kuvalisha ngozi ya plastiki nyekundu. Benchi la kwanza watu 3 kwa ajili ya mlango, la pili watu 4, la tatu watu 4, na mmoja mbele na dereva. Abiria 12. Chini ya sakafu aliweka vipande vya chuma ili boliti zisichane bati. Kwenye springi za nyuma akaweka spesa, maana gari likijaa lilikuwa linakaa kama kuku anayetaga. Nilimwuliza mikanda. Akanionyesha: ile ya ukutani bado ipo, haikufika tena pale watu wanapokaa, basi. Abiria waliitumia kutundika vifuko. Viti vya Kijapani vilivyotoka sikuviuza. Kimoja kirefu mke wangu alikiweka sebuleni kiwe kochi, na kweli hakuna kochi zuri kama hilo mtaani kwetu, kinateleza mbele na nyuma.

Watano wa ziada ndio waliokuwa chakula chetu. Niliandika hivyo kwenye daftari wakati ule, bila kufikiri: “7 za gari, 5 za nyumba.” Mmoja kwa kila familia. Ilitulia kichwani kama kitu kilichopangwa na Mungu.

Msidhani tulikuwa peke yetu. Arusha na Moshi Noah zimebeba abiria miaka mingi, na hapa Lilongwe mnaziona Sienta, ndogo zaidi ya Noah, zinajaza watu mpaka mlango unasukumwa na goti. Kwetu Uvira na ng’ambo Bujumbura magari ya Japani yenye usukani wa kulia yanatembea kwenye barabara za upande wa kulia, abiria wa mbele ndiye anayechungulia kumwambia dereva kama kuna lori. Tumezoea kuishi ndani ya vitu vilivyotengenezewa watu wengine na idadi nyingine. Dzaleka yenyewe ni Noah iliyoongezwa mabenchi: ilikuwa gereza la kisiasa wakati wa Banda, ikafunguliwa kwa wakimbizi 1994, ikapangiwa watu kama 10,000 hadi 12,000, na leo tumepita 50,000.

Basi. Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, tunarudi kutoka mjini, tumeshapita Kanengo, tunakaribia Lumbadzi. Mimi nimeinama mlangoni kama kawaida. Tairi la nyuma kushoto likapasuka. Lilikuwa la mtumba, na kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi ndogo ya Kijapani inayosema upepo uwe kiasi gani. Maneno hatuwezi kuyasoma lakini namba ni namba, na zile namba ni za gari la watu 8. Gari lilizunguka nusu, likaingia mtaroni, likasimama. Halikupinduka. Dereva alikuwa amefunga mkanda, hakuumia hata kidogo. Benchi la tatu watu waliruka kuelekea la pili. Mama mmoja anayeuza mandazi, wa mtaa wa pili kutoka kwetu, alivunjika mfupa wa bega.

Tulimpeleka hospitali. Usiku nilikwenda kumwona, nimeandaa maneno yangu yote, nimevaa shati. Sikufika hata nusu. Akaniambia:

“Papa, usijisumbue. Nilipanda miye mwenyewe. Kuko mutu alinisukuma?”

Nilitoka pale mwepesi. Nakiri hivyo. Nilitembea hadi nyumbani kama mtu aliyesamehewa deni, na kwa siku tatu kila aliyeniuliza nilimjibu kwa maneno yake: mama mwenyewe amesema alipanda mwenyewe. Aliona benchi, aliona limejaa, aliona hakuna mkanda. Ni mtu mzima.

Siku ya nne akaja rafiki yetu mwenye jina. Alikuwa amesikia habari ya ajali na alikuwa na hofu, na haki yake, maana polisi wakija wanamtafuta yeye. Tena kwacha ilikuwa imeshushwa, ile ya Novemba 2023, dola kutoka kama 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja, na kila kitu kimepanda. Akasema sehemu yake lazima iongezeke, karibu mara mbili. Nikamwambia hii si haki, gari tumenunua sisi, jina halimwagi jasho. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema: “Munavomera nokha, achimwene.” Mlikubali wenyewe, ndugu yangu.

Nililala vibaya. Sentensi ni ile ile. Kwenye mdomo wa mama wa mandazi ilikuwa kama maji ya kunawa. Kwenye mdomo wa huyu ilikuwa kofi. Na kilichoniuma zaidi, hakudanganya. Tulikubali. Tulikaa chini ya mwembe, watu wazima watano, tukashikana mikono naye. Nani alitusukuma?

Lakini ningeweza kukataa? Ningeweza, kwa maana ya kwamba mdomo wangu una neno “hapana”. Mama naye angeweza kukataa benchi la tatu, akabaki stendi na beseni lake, giza linaingia, na kesho unga hakuna. Alichagua kati ya benchi langu na barabara. Mimi nilichagua kati ya jina lake na kutokuwa na gari.

Kuna mfano wa zamani juu ya jambo hili. Aristotle, yule Mgiriki, aliuliza kuhusu watu wa jahazi wanaotupa mizigo baharini wakati wa dhoruba. Je, wanatupa kwa hiari? Hakuna mwenye akili anayetupa mali yake bure. Lakini mikono ni yao, na wakati ule ndicho walichotaka. Akasema ni matendo ya mchanganyiko, ila yanakaribia zaidi kuwa ya hiari. Namheshimu mzee huyo, lakini dhoruba yake haina mtu anayefaidika nayo. Hakuuliza juu ya mwenye mtumbwi anayekuja katikati ya mawimbi kuuza nafasi. Huyo ndiye mimi.

Na mwenye mtumbwi ninamjua pia kwa upande wa pili. Nilivuka Ziwa Tanganyika usiku, kutoka pwani ya Fizi hadi Kigoma, katika boti iliyojaa mpaka ukiweka mkono nje unagusa maji. Hakuna hata boya moja la kuokolea. Nililipa pesa yangu ya mwisho. Yule nahodha namwombea mpaka leo, bila yeye nisingekuwa naandika. Sasa nimhukumu? Alijaza boti kwa tamaa au kwa huruma, sijui, labda hata yeye hakujua. Kila mtu aliyemwongeza alikuwa pesa na alikuwa pia roho iliyotoka mahali pa risasi. Nimejaribu kutumia shukrani yangu kwake kujitetea mimi, haikukaa. Sisi tulikuwa tunakimbia bunduki na usiku ulikuwa mmoja. Mama wa mandazi alikuwa anatoka sokoni, Jumanne, kama Jumanne zote, na Jumanne zote zile nilikuwa na muda wa kutafuta mikanda.

Hapo ndipo naona kitu, na nakisema kwa tahadhari. Maneno “nilipanda mwenyewe” ni mali ya mama. Anaweza kunipa kama zawadi, na alinipa. Pengine alinipa pia kwa sababu nyingine: anajua kesho atahitaji gari hilo hilo, na mtu hagombani na mlango atakaoutumia. Lakini hata kama alinipa kwa moyo wote, mimi sina ruhusa ya kuyachukua na kuyatembeza mtaani kama cheti changu. Nilipoyarudia kwa siku tatu niliyageuza. Kwake yalimaanisha: sitaki kukuona unateseka. Kwangu yakamaanisha: usiniulize juu ya mabenchi.

Ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika, naomba msigeuze ukurasa hapa. Mnatuletea fomu. “Unakubali kupigwa picha? Unakubali kuhojiwa? Weka kidole hapa.” Mnauliza kwa adabu na mnatueleza kwamba tunaweza kukataa bila kupoteza kitu. Nawaamini. Lakini mtu aliyesimama kwenye foleni tangu saa kumi na moja, na aliyesikia kwamba msaada unapunguzwa tena, atamwambia nani hapana? Anaweka kidole. Fomu inakwenda ofisini, na ofisini inasomwa kama mimi nilivyomsoma mama: alikubali mwenyewe. Sisemi fomu zichomwe. Nasema tunafanana, ninyi na kondakita.

Kuna watakaosema dawa ni sheria. Kenya walifanya hivyo: waziri John Michuki alitoa kanuni 2003, na kuanzia Februari 2004 kila matatu ikatakiwa kuwa na mkanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na hakuna kusimama ndani. Hawakumuuliza abiria kama anakubali kubanwa. Siku za kwanza wengi Nairobi walitembea kwa miguu kwa uhaba wa magari. Mimi napenda jambo moja katika kanuni hizo: zilikataa kabisa kutumia hitaji la abiria kama ruhusa. Lakini kwangu ningejificha nyuma ya sheria ni kichekesho, maana gari langu halipo kwenye sheria. Nikikamatwa na watu 12, anayekamatwa kwenye karatasi ni mwingine. Mei 2023, wengi wetu walipoondolewa mjini kwa nguvu na kurudishwa hapa, maduka yakafungwa, tulijifunza kwamba sheria ikija kwetu haiji kuhesabu mikanda.

Na pingamizi kubwa liko hapa, mke wangu ndiye aliyelisema akiwa anachambua mboga. Ukirudisha viti vyako vya Kijapani, utabeba 7. Wale 5 watakwenda wapi? Watapanda matola, juu ya mizigo ya lori, kwenye mvua. Utakuwa umejisafisha roho kwa kuwapandisha watu lori. Sina jibu kamili. Ni kweli kabisa kwamba benchi langu baya ni zuri kuliko mgongo wa lori. Ninachokataa sasa ni kuitumia kweli hiyo kila siku. Nilikuwa naitumia kila asubuhi, kama yule Mjapani wa dashibodi: gari likiwaka, inasema.

Mama wa mandazi alikuja nyumbani kwetu baada ya wiki sita, mkono ukiwa bado unamsumbua kuinua. Tulikuwa tumelipa eksirei na dawa. Nilipompa na pesa za siku alizokosa kuuza alikataa, kisha akapokea, kisha akahesabu. Nilipenda kwamba alihesabu. Mke wangu akamkaribisha kwenye kochi. Akakaa, akapapasa pembeni, akashika kitu. Kile kiti kina mkanda wa kiunoni wa mtu wa katikati, umefungwa kwenye kiti chenyewe, kwa hiyo ulikuja nacho sebuleni. Akauvuta, akafunga, ukalia “klak”. Akacheka mpaka akashika bega.

“Kumbe mikanda munabafungiaka batu huku ku nyumba!”

Watoto wakacheka. Mimi nilikwenda nje kuangalia kama maji yamechemka.

Kikao cha familia tano kilikuwa kigumu. Wawili walisema mimi nimekuwa mchungaji. Tulichofikia ni hiki: mabenchi watu watatu watatu, siyo wanne, hata siku ya soko. Na mmoja mbele. Hiyo ni 10. Mikanda ya kiunoni tunainunua mmoja mmoja kutoka kwenye magari yaliyokufa, kule mjini, na fundi anaifunga kwenye sakafu juu ya vipande vya chuma. Mpaka leo imefungwa sita. Matairi ya nyuma mapya, kwa deni. Spesa zimetoka, gari limerudi chini. Asiye na mkanda namwambia kabla hajapanda kwamba kiti chake hakina. Wengi wananishangaa. Mzee mmoja Mrundi alinijibu, “Sasa unaniambia ili nifanye nini?” Nikamwambia kwamba namwambia ili nisije kusema baadaye kwamba alijua bila mimi kumwambia. Akapanda.

Sikurudi kwenye 7. Waliobaki wa ziada ni 3 na familia ni 5, hesabu yenu wenyewe. Mmoja wetu ameshatoka kwenye shirika, amedai fungu lake. Na rafiki yetu mwenye jina tunampa ile sehemu aliyoomba, si yote, tumekutana katikati. Nilimweleza habari ya mama, na kwamba sitaki aniambie tena “mlikubali wenyewe”. Alikaa kimya muda mrefu. Akasema yeye naye hana usingizi gari likiwa barabarani, kwa sababu ikitokea tena mtu akafa, jina ni lake, na yeye naye alikubali bila kujua anakubali nini. Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Kochi bado liko sebuleni. Fundi amesema kile kiti kirefu kinaweza kurudi mahali pa benchi la kwanza, nafasi zake za boliti hazijaharibika, kingekuwa na mkanda wake na ile ya ukutani ingefika. Mke wangu anauliza wageni watakaa wapi. Tumesema Jumamosi, kama petroli itapatikana.